Msoma Mawazo na Karatasi Nne

Biharamulo,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na ile migomba ya nyuma ya jiko, mnyauko umeiacha au bado mnaikata? Mimi ni mzima, cherehani inanilisha, na wiki hii huku tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Alikuja mtu anayejiita msoma mawazo. Siku ya gulio alipanda juu ya kreti, akamnyooshea kidole mjane mmoja, mteja wangu. "Wewe mama, unawaza jembe lako lililopotea. Unamshuku shemeji yako!"

Mjane akashika kichwa. "Jamani, huyu anaona mpaka ndani!"

Habari za jembe mjane alinimwagia mimi siku mbili kabla, nikimpima gauni, na msoma mawazo alikuwa kwenye benchi langu akisubiri suruali yake itiwe kiraka. Unajua mwenyewe, mtu akipimwa nguo husema yote. Mjanja yule alisoma mawazo ya gulio zima kwa masikio!

Nikajipenyeza mbele. "Haya, soma na ya fundi." Mimi ya kwangu simwambii mteja, nikajua nimemweza. Akafumba macho.

"Una neno la kumwambia mama yako. Unaliogopa."

Mama, nililia mbele ya watu wote.

Gulio lilipovunjika nikamfuata, nikamwambia asiponieleza amejuaje, nitamuumbua. Akacheka sana. "Fundi, chini ya cherehani yako kuna karatasi nne zimekunjwakunjwa. Zote zimeandikwa *Mama yangu mpendwa*, basi."

Hii ni ya tano. Neno lenyewe ni hili: kuna mwanamume anataka kunioa, na mimi namtaka. Ni Msukuma, ana ng'ombe. Najua unavyosema, kwamba watu wa ng'ombe huhama, na wewe utabaki Kanazi bila kuwaona wajukuu. Lakini ameshapanda migomba, Mama. Mwanzoni aliibananisha kama mahindi, nikamcheka mpaka akanuna, halafu akaing'oa yote akaanza upya.

Mshenga wake atafika kwako tukishavuna maharage. Nakuomba umpokee.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi wa Rulenge, mwambie kitenge chake nimemaliza kukishona.

Ukikubali, usihangaike kuandika. Mpe mshenga machipukizi mawili ya mgomba wako uliopona mnyauko arudi nayo. Nikiyaona tu, nitakuwa nimesoma mawazo yako.

Mwanao akupendaye,
Domitila