Nilimshinda Baba Mkwe kwa GPS Yake Mwenyewe

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa mshindi, watu wanafika hadi kwenye cherehani yangu kunipongeza, na bado nahitaji msaada wako kwa sababu ushindi wenyewe umenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi nashona sare za shule, nimeolewa na fundi wa magari, na tunaishi na baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu. Mama mkwe alipofariki, Baba alikaa mwaka mzima sebuleni akiutazama ukuta, chai inapoa, hasemi, mpaka jirani yetu mwalimu wa hesabu alipotuingiza kwenye mchezo wa kusaka visanduku. Mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka namba za mahali hapo mtandaoni, na wengine mnakwenda kukitafuta, mkikipata mnaandika majina kwenye kijitabu kilichomo na kukirudisha kilipokuwa. Basi Baba akafufuka! Akatoa kabatini GPS yake ya kazini, dude la njano, nene kama mche wa sabuni, akawa kila Jumamosi wa kwanza kuvaa viatu.

Mimi natumia simu, na hapo ndipo palipo ugomvi wetu, ugomvi mtamu lakini, maana tulikuwa tunataniana mpaka mume wangu anahamia uani na sahani yake. "Simu ni ya porojo," Baba anasema, "kazi ya kupima ina chombo chake." Namjibu, "Baba, chombo chako ni cha makumbusho. Simu yangu inanipa ramani, picha na maneno ya waliotangulia, wewe unafuata mshale mtupu." Tukakubaliana kisanduku cha machimboni ndicho kiamue. Kimefichwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mwaka na nusu ulikuwa umepita hakuna aliyekipata, hata mwalimu alikwenda mara sita akarudi na miiba tu.

Tulikwenda asubuhi, watu tisa. Shangazi, kule chini ya kuta za mawe simu yangu ilipagawa, mshale unazunguka kama mlevi, mara niko ukingoni, mara eti nimesimama katikati ya dimbwi, mtandao hakuna, jua linapiga kioo sioni kitu, chaji inaporomoka. Baba goti likamsumbua, akaketi kivulini, usingizi ukamchukua, GPS iko ubavuni mwake ndani ya kofia. Nikaichukua. Nilijiambia naiangalia tu. Ikanipeleka kama mtu aliyenishika mkono, ikanisimamisha mbele ya ukuta ambao sote tulishaupita, na pale hapana kitu ila mawe. Ndipo nikakumbuka dokezo nililolisoma kwenye simu kabla hatujatoka nyumbani: "Inama kama unamsalimia mkwe." Nikapiga magoti, nikaona ufa, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoka na kisanduku! Nikakimbia kuirudisha GPS kofiani, kisha nikapiga vigelegele machimbo yote yakaitikia.

Mwalimu akaja mbio. "Umetumia nini?"

Mdomo ukatangulia akili. "Simu yangu!"

Makofi yakalia, Baba akaamka, akanipa mkono. "Hongera, mwanangu. Umeniweza."

Tangu siku hiyo GPS imerudi kabatini, betri zake kazitia kwenye saa ya ukutani, na Jumamosi mbili hajatoka, anasingizia goti. Jana kaniomba nimnunulie simu nimfundishe. Wenzetu nao wanataka nisimame niwaeleze nilivyofanya. Mume wangu anasema, "Nyamaza, yatapoa yenyewe." Ninyamaze, Shangazi?

Mshindi Mwenye Mwiba

*

Marahaba, mshindi. Kwanza hongera, na sikutanii. Watu wameshindwa mwaka na nusu, wewe umetia mkono kwenye ufa bila kujua kama kuna nyoka. Hiyo nakupa. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hukuiba GPS, mtu na baba yake huazimana. Ulichoiba ni sifa, tena ya mzee aliyetoka juzi tu kwenye majonzi. Wewe uliyepasha chai yake mwaka mzima, leo umemrudisha kwenye kiti kilekile kwa maneno mawili. Naye akakupa mkono!

Ama simu au GPS, mimi hata sokoni napotea, lakini barua yako imeshajibu. Bila lile dude la njano ungekuwa bado unazunguka dimbwi. Bila simu ungesimama mbele ya ule ukuta hadi jioni. Mjini penye mtandao simu inatosha. Mashimoni na vichakani mwachie Baba atangulie. Fundi huhitaji sindano na mkasi, na hilo nisikufundishe mimi.

Mumeo namheshimu, ila ajue kwamba injini ikiachwa hupoa, jambo la moyoni likiachwa huchacha.

Leo, kabla ya chakula, mwendee Baba mkiwa wawili tu, useme yote, na neno "lakini" liache mlangoni. Akifoka, pokea. Jumamosi simama mbele ya walewale waliokupigia makofi uyarudie, maana uongo wa hadharani hausafishwi jikoni. Simu usimnunulie. Mnunulie betri mpya, umwombe akufundishe chombo chake. Ukimaliza niandikie, kabla ya hapo sitaki kukusikia.

*

Shangazi, nimefanya! Nilipomaliza kusema, Baba akauliza, "Pale mbele ya ukuta, ilisoma umbali gani?"

"Mita tatu, Baba."

"Tatu!" Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Chini ya ukuta ule, imekosea mita tatu tu! Mwanangu, umenikosea sana, na nitakusema. Lakini tatu!"

Na kweli alinisema, nikalia, kisha tukacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Jumamosi nilisimama mbele ya wote, nikasema. Makofi yakawa makubwa kuliko ya mwanzo. Baba akawafundisha saa nzima, hata udhaifu wa chombo chake akautaja.

Wiki iliyofuata kilitangazwa kisanduku kipya juu ya kilima. Baba mbele na GPS, mimi nyuma na ramani. "Kushoto kuna njia, Baba." "Tulia, bado mita kumi na mbili." Tulipokifungua, kijitabu kilikuwa cheupe kabisa, tukaandika majina yetu mawili kwenye mstari mmoja. Dakika kumi na moja baadaye mwalimu akatokea anahema, simu mkononi, suruali imejaa matope.

Baba akamnyooshea kalamu. "Karibu, mwalimu. Mstari wa pili uko wazi."