Utepe wa Tarehe 24 Agosti

S.L.P. 74,
Litein.
Jumapili, 10 Novemba 2024.

Kwa Baba Beverly,

Chamgei. Najua ungenijibu kwa kile Kipsigis chako cha gereji, kisha ucheke kabla yangu. Natumai barua hii itakukuta na nguvu, wewe na Mama Beverly, na kwamba mvua ya huko Awasi imewaachia njia ya kupita. Beverly anaendeleaje na masomo? Sisi tuko. Majani yanachumwa, ng'ombe wawili wanakamuliwa, nami nalala saa chache lakini siumwi.

Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako imezimwa tangu mwanzo wa Oktoba. Jumatano nilimpigia Mama Beverly. Hakutaka kuzungumza nami, na sikumlaumu. Kabla hajakata aliniambia kwamba hujashika spana tangu mrudi nyumbani. Alisema jirani alileta pikipiki yake ukamwambia kazi hiyo umeisahau, na kwamba kutwa unakaa na daftari lako la kazi, umelifungua kwenye ukurasa wa tarehe 24 Agosti, ukitafuta ulikosea wapi. Alisema unaamini ulimuua mama yangu, naye sasa anaogopa kwenda sokoni akuache peke yako.

Hukukosea popote. Nimeliandika hilo mapema ulisome kwanza hata kama utaichana barua. Yaliyobaki nitayapanga kwa utaratibu, kwa kuwa wewe huamini neno kabla ya kuona kazi. Mengi unayajua. Nayaandika hata hivyo kwa sababu nakala ya barua hii itasomwa na watu wasiotujua.

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka wa 1973, la viti viwili, rangi ya chungwa. Liliachwa na marehemu baba, aliyelinunua kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. Mdogo wangu Noah hakulitaka. Alisema mtu mwenye akili hafugi gari lisiloweza kubeba hata mtungi wa maziwa. Nikalichukua mimi, karani wa kiwanda cha chai, na kwa miaka sita tumelitengeneza pamoja kila Jumamosi katika gereji yako pale Sotik, uliyokodi kwenye ploti ya Noah huyo huyo. Tulikata sakafu iliyoliwa na kutu tukachomea nyingine. Ulinifundisha kusawazisha kabureta mbili kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. Ulikuwa ukinitania kwamba gari likikohoa Sotik mimi napiga chafya Litein. Mama naye alisema kuingia humo ni kama kuchuchumaa kukamua mbuzi, lakini hakukubali kupelekwa mahali kwa gari jingine.

Kwa wasiokujua, ni lazima nieleze utepe. Kila ukimaliza kazi ya breki ulibandika utepe mweupe wa karatasi juu ya vifuniko vya vile vikopo viwili vya mafuta ya breki, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma, ukaandika tarehe na jina lako kwa kalamu. Ulisema mtu akifungua, utepe utamsema. Ulinionya pia kwamba mafuta ya breki yanatoka kwenye kopo lililofungwa tu, na yanayobaki yanamwagwa. Nilikuona mbadhirifu. Huku kwetu hakuna kinachomwagwa. Stoo yetu ina chupa za soda kumi na tano au zaidi: dawa ya kupe, mafuta ya taa, oili, hakuna hata moja yenye jina, na kila mmoja wetu huamini anazijua zote.

Tarehe 24 Agosti ulibadilisha raba zote za breki, ukatoa hewa kwenye mabomba yake, ukabandika utepe. Jumanne tarehe 17 Septemba nilimpeleka mama Kericho kwa daktari wa macho. Tukirudi, kwenye mteremko wa kabla ya daraja, saa tisa na dakika kama kumi, nilikanyaga breki na pedali ikaenda hadi sakafuni. Nilikanyaga tena. Hakukuwa na kitu. Nilipunguza gia, nikavuta breki ya mkono, nikaona darajani kuna watoto wa shule, nikakata kushoto kuingia kwenye majani chai. Gari lingesimama humo. Lakini kulikuwa na kalvati ya mawe iliyofunikwa na nyasi, upande wa mama. Alifariki Alhamisi asubuhi. Siku hizo mbili alizungumza mara moja tu, akauliza kama gari limeumia.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Noah alifungua boneti mbele ya wazee na majirani, akauona utepe wako mzima, tarehe na jina, akauliza kwa sauti ni nani mwingine aliyegusa breki hizi. Kesho yake alitia kufuli kwenye gereji, vifaa vyako vikiwa ndani, akakupa siku mbili uondoke Sotik. Najua kwamba vijana walikufuata hadi stendi wakikuita fundi wa majeneza. Polisi waliandika kwamba breki zilifeli baada ya matengenezo.

Sasa nakuambia kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili.

Alhamisi tarehe 29 Agosti nilikagua gari jioni kama kawaida yangu. Niliona mafuta ya breki yameshuka kidogo chini ya mstari, upana wa ukucha. Wewe ulikuwa Awasi kwenye mazishi ya shangazi yako. Ungekuwepo ungeniambia niyaache, kwamba raba mpya zinajipanga. Sikukupigia kwa sababu nilijua utanicheka, na kwa sababu baada ya miaka sita nilitaka kufanya jambo moja bila kuuliza. Niliingiza ukucha chini ya utepe kwenye kona ya kushoto, nikaubandua polepole usichanike. Nilichukua stoo chupa niliyoamini ni ya mabaki ya mafuta ya breki niliyoyaficha mwaka jana usiyamwage, nikajaza vikopo vyote viwili. Kisha nikaurudisha utepe mahali pake, nikaupitishia kidole gumba hadi ukashika.

Siku za mwisho pedali ilikuwa nzito na gari lilikuwa kama linajizuia lenyewe. Niliisikia hiyo, mimi ninayesikia kila kitu. Nikajiambia ni vitu vipya, vitazoea.

Ijumaa tarehe 20 Septemba, siku moja baada ya mama kufariki, watu walipokuwa wakipanga viti uani, niliingia stoo nikaichukua ile chupa. Nilikumbuka uliwahi kunionyesha kwamba mafuta ya breki huchanganyika na maji. Nilijaza glasi maji nikamimina kijiko kimoja. Yalipanda juu yakatulia, duara la manjano. Niliubandua utepe tena kwa kona ile ile, nikanyonya mengine kutoka kwenye vikopo vya gari kwa bomba la sindano ya ng'ombe, kisha nikaurudisha. Nayo yakapanda juu. Ilikuwa oili ya haidroliki ya trekta ya Noah. Oili ya aina hiyo huvimbisha raba za breki hadi zinakuwa laini kama ugali, na hazishiki tena.

Soma tarehe hiyo mara mbili, Baba Beverly. Ni tarehe 20. Mazishi yalikuwa tarehe 28. Kwa siku nane nilijua.

Siku ya mazishi nilikuona. Ulikuwa langoni na Mama Beverly, wewe umevaa koti lako la kanisani, naye ameshika kikapu cha sukari na majani ya chai. Vijana waliwazuia. Noah alikuwa na kipaza sauti, akisema kuna mkono uliolipwa kutengeneza ukatengeneza kifo. Ulivua kofia, ukasimama upande wa pili wa barabara hadi tulipomaliza kufukia. Baada ya Noah nilipewa kipaza sauti mimi, kama kifungua mimba. Nilisoma maisha ya mama, mwaka aliozaliwa, mwaka aliobatizwa, watoto, wajukuu. Nilikuwa nimekusudia kusema. Nilifika mwisho wa karatasi, nikaketi.

Sina sababu ya kukupa. Niliogopa ndugu zangu, na niliogopa kuitwa muuaji wa mama katika boma nililozaliwa. Niliona ni rahisi mgeni aondoke na jina hilo, kwa kuwa yeye ana kwao anakoweza kurudi. Hayo ndiyo niliyoyawaza, kwa maneno hayo hayo.

Jana nilimwambia Noah. Aliuliza ni nani mwingine anayejua. Nilipomwambia hakuna, alisema niache hivyo, mama hatafufuka, fundi ameshaondoka, na chupa ni ya trekta yake, kwa hiyo nikisema nitatufukia sote wawili, mimi na yeye. Nilimjibu kwamba chupa ilikuwa yake lakini mkono ulikuwa wangu. Alisema nikienda nisirudi kwake. Boma ni lake kwa maandishi ya baba. Sijui nitalala wapi kesho.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kituo cha polisi na nakala ya barua hii. Utepe wako bado upo juu ya vifuniko. Nitawaonyesha kona ya kushoto, ambapo karatasi ina mkunjo mdogo wa ukucha. Nitawaomba Noah aamriwe kufungua gereji.

Binamu yako Kepher, anayekuletea barua hii, amebeba pia chupa mbili ndogo. Moja ni ya mafuta ya breki kutoka kopo jipya, nyingine nimeijaza kutoka kwenye gari. Sikuandika juu yake ipi ni ipi. Usinisadiki mimi, nimeshakudanganya kwa kunyamaza. Funga daftari. Jaza glasi mbili maji, mwite Mama Beverly aone, umimine mwenyewe. Moja itachanganyika na maji, na hiyo ndiyo aina uliyoitia wewe tarehe 24. Itakayoelea niliitia mimi.

Msalimie Mama Beverly, ingawa najua salamu zangu ni nzito kupokea. Mwambie Beverly babake ni fundi mwaminifu, na kwamba nimekwenda kuliandikisha hilo mahali linapoandikishwa. Sikuombi jibu. Nakuomba umimine leo, kabla ya giza.

Ni mimi,
Chepkorir