Bibi, Nani Aliwaambia Tupo Kuala Lumpur?

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini sijui kuanza maneno na wewe kwa njia nyengine. Nipo Sur, nyumbani kwangu. Mume wangu kenda kazini na watoto wako skuli. Asubuhi mdogo wangu Wafaa alinipigia simu kutoka Ibra, akaniuliza kama bado nakumbuka ile safari yetu ya Kuala Lumpur, kisha akacheka hata maneno yakamshinda. Mimi sikucheka sana. Tangu akate simu nimekaa na chai yangu imepoa, nakufikiria wewe.

Nilianza kukushuku kabla hatujapanda ndege. Mama yetu, Moza, alikuwa na miaka mitatu tangu afariki, na nguo zake zilikuwa bado zimo kabatini kama alivyoziacha. Hapana aliyezigusa, hata baba. Siku moja narudi skuli, nakuta kabati liko wazi na halina kitu, na wewe umekaa juu ya kitanda unakunja kanga ya mwisho.

"Nondo wanazila, Rahma," ukaniambia. "Wapo watu wa kuzivaa."

Nilijifungia chooni nikalia, na huku nalia najiuliza: kwani hao nondo wameanza leo?

Wiki ile ile, tumezunguka sinia ya chakula cha mchana, ukamgeukia baba. "Nataka kuona mvua kabla sijafa."

"Mvua ya wapi tena, mama?"

"Mvua ya kweli. Mvua ya kunyesha mtu asisikie anachoambiwa."

"Basi twende Salalah," baba akasema. "Tunakwenda na gari yetu, tunapumzika, tunarudi."

"Salalah ile si mvua, ile ni jasho la mawingu. Nasikia Kuala Lumpur inanyesha kila siku. Tena watu wake Waislamu, chakula hakina wasiwasi."

Niliacha kula. Wewe, ambaye tukikupeleka Muscat unasoma Ayatul Kursi njia nzima na lori likitupita unafumba macho, leo unataka kupanda ndege kwenda mwisho wa dunia? "Bibi, nani kakwambia habari za Kuala Lumpur?" nikakuuliza.

"Watu," ukasema, ukachukua ndizi.

Baba hakujua kukukatalia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, Wafaa ana miaka minane, na baba mwenyewe tangu msiba alikuwa mtu wa kazini na kitandani tu. Akaomba ruhusa wizarani, tukaenda.

Mvua uliipata, hilo siwezi kukunyima. Tulitoka uwanja wa ndege mbingu zimefunguka, maji yanapiga juu ya teksi kama kokoto, na wewe ukateremsha kioo ukatoa mkono nje mpaka mkono wa baibui ukarowa wote. Dereva akawa anakutazama kwenye kioo chake. Ulinusa, ukasema: "Unguja. Harufu ya Unguja hii." Nikakuamini kidogo. Nikasema labda kweli bibi wa watu anataka mvua tu.

Imani hiyo iliishia asubuhi ya pili, kwenye chumba cha chai cha hoteli. Tumekaa, wewe umeuvamia wali wao wa nazi wenye dagaa na karanga, unauliza nani kawafundisha, mara nikasikia nyuma yangu: "Shikamoo, Bibi."

Kiswahili! Nikageuka. Kijana mrefu amevaa fulana iliyopigwa pasi, na pembeni yake mama mmoja mwenye uso wa upole na macho ya mwalimu, yale yanayokuona hata akiwa anatazama kwengine.

"Marahaba, mwanangu! Ajabu hii! Nyinyi wa wapi?" ukasema, na ulisema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Walikuwa watu wa Nizwa. Yeye Bi Asila, mwalimu, mjane. Wazee wake wa Unguja kama sisi. Kijana ni mwanawe, Hilal. Baba aliinuka akampa Hilal mkono, akamuamkia Bi Asila kwa adabu bila ya kumtazama sana, akarudi kwenye mayai yake. Lakini Hilal alisimama pale zaidi ya haja, na wewe ulimtengea kiti.

Basi mimi nikaanza kuhesabu mambo kichwani. Tulikwenda kwenye ile minara miwili mirefu, ukauliza nani anapanda kule kufuta vioo, tukageuka, Hilal na mama yake hao. Tulikwenda bustani ya ndege, mvua ikatukimbiza chini ya banda, na banda lenyewe nani yumo? Bi Asila anakamua mtandio wake, na Hilal anasema, "Subhanallah, hata hapa!" Mji mkubwa kama ule, Bibi, na sisi tunakutana nao kama majirani wa mtaa mmoja.

Pale bandani Wafaa alikuwa anatetemeka. Bi Asila akavua sweta lake akamvisha, akamfunga vifungo vyote, kisha akaanza kumuuliza majina ya ndege. Mimi hayo sikuyajali. Nilikuwa namtazama Hilal, na Hilal alikuwa anakutazama wewe.

Siku ya pili yake, sokoni, ndipo nilipojua kuwa lipo jambo. Uliona shokishoki. Ulisimama mbele ya lile rundo jekundu, ukaweka mkono kifuani. Wafaa akaokota moja: "Bibi, tunda hii ina nywele!"

"Lina," ukasema, macho yako yamejaa maji. "Tunda hili lina nywele. Sema vizuri, usinitie aibu mbele ya shokishoki."

Nilicheka, nikainama kufunga kiatu. Nilipoinua kichwa, Hilal kesha kukununulia mfuko mzima, amekuinamia sikioni, na nyinyi wawili mnanong'ona. Nikasikia neno moja tu la kwako: "Subira." Baba alikuwa mbali anatazama vinyago, hana habari na dunia.

Jioni ile, unajipaka mafuta miguuni, ukaniuliza kama unayeulizia hali ya hewa: "Yule kijana wa Nizwa, unamuonaje?"

Kumbe ndiyo hiyo! Nguo za mama zimetolewa, nimemaliza skuli, naletwa ng'ambo nikaoneshwe kama mbuzi. Na mimi nilikuwa nangojea majibu ya chuo. Sikulala vizuri. Nilikusikiliza unavyokoroma kwa raha, nikazidi kukasirika.

Ndiyo maana yalitokea yale ya mkahawani. Mchana wake mvua ilitufungia sote meza moja, sisi na wao, na nyinyi mmeagiza mishkaki ile yao ya mchuzi wa karanga. Hilal akanisogezea sahani. Kusogeza sahani tu, maskini. Nikasimama.

"Mimi siolewi," nikasema. "Nakwenda chuo. Simtaki huyu, na mtu asinisogezee kitu."

Hilal akawa mwekundu mpaka masikioni. "Dada Rahma," akasema, "mimi nimeshaposa. Nafunga ndoa baada ya Ramadhani."

Na wewe, Bibi, bila ya hata kuweka mshikaki chini: "Nani kakutaja wewe? Kaa kitako. Hapa anatafutiwa mke baba yako."

Nakumbuka uso wa baba. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. "Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya kazi yako. Wewe huifanyi."

Ndipo ukayatoa yote, mbele za watu, mbele ya Bi Asila mwenyewe ambaye alikuwa ameganda na kikombe mkononi. Kumbe Hilal anafanya kazi maabara ya hospitali kule kwetu Ibra, na kila ukienda kupimwa sukari yeye ndiye anayekutoa damu, baba anakungoja nje kwenye gari. Alikwambia kuwa anaoa na mama yake anabaki peke yake Nizwa. Ukamwambia na wewe una mwana anayejizika. Mkapanga.

"Sasa kwa nini huku?" baba akauliza.

"Ibra? Jumatano moja tu pale soko la wanawake, jambo limeshafika mpaka mji wa Al Qabil. Tena kwao mtu anakupokea na halwa na ubani, utamjulia wapi? Mimi nilitaka kumuona amerowa, amechoka, na ana njaa."

Nilitoka. Sikuwa na pa kwenda, mvua ilikuwa ukuta. Nikasimama chini ya upenu wa duka la jirani nalia kwa hasira. Nilijua baba atanifuata. Aliyekuja ni Bi Asila. Hakunishika wala hakunikaribia. Alisimama mbali kidogo, anatazama magari yanavyorusha maji.

"Na mimi sikuambiwa, Rahma," akasema. "Mwanangu kaniambia ananipeleka nikapumzike. Nimekasirika kama wewe, labda zaidi. Mimi nina mume niliyemzika, na sikumwambia mtu kuwa natafuta mwengine."

Nilijipangusa uso na mtandio.

"Unanichukia?"

"Sikujui."

"Jibu la haki hilo." Kisha akauliza: "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Bibi, miaka mitatu hapana mtu aliyeniuliza suali hilo. Nyinyi nyote mlikuwa mnalipita jina lake kama mtu anayepita karibu na kisima. Nikamwambia anaitwa Moza. Nikamwambia kuwa alikuwa anaunguza wali kwa sababu anasahau, anasimama dirishani anazungumza na jirani. Kwamba akinisuka ananiumiza kisha ananibusu palipouma. Kwamba nguo zake zimegawiwa na mimi niko skuli.

"Nani kazigawa?"

"Bibi."

Akatikisa kichwa. "Angekungoja. Ilikuwa mzitoe pamoja, kanga moja moja, na wewe uchague za kubaki nazo."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: huyu kafundishwa na Bibi maneno haya. Hivyo ndivyo ulivyokuwa umeniharibu.

Lakini tuliporudi mezani, maji yanatuchuruzika, hakukaa. Alisema: "Bibi, nakuheshimu kama mamangu. Lakini umekosea. Mtoto huyu hajamaliza kulia, na wewe unamletea mgeni. Hilal, inuka." Wakaondoka. Wewe ulifungua mdomo ukaufunga. Sijakuona vile kabla wala baada.

Siku zilizobaki hatukukutana nao tena matembezini, na ndipo nilipojua mji ule ni mkubwa kiasi gani. Tulipanda gari la kamba kwenda milimani, tukala doriani, lile tunda la miiba na harufu kali, barabarani ukatapakaa mpaka kwenye viwiko, tukaswali msikiti mkubwa radi ikipiga. Hukucheka hata mara moja. Baba ndiye aliyebadilika: alianza kututazama tunapozungumza. Siku ya mwisho alimwendea Hilal pale chini hotelini, akamtaka amfikishie mama yake radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Nilimuona anavyorekebisha kofia yake kabla ya kumkaribia, nikamshuku na yeye.

Sikukosea. Hatujakaa sana Ibra, baba akaanza kwenda Nizwa kila Ijumaa, ati soko la mbuzi.

"Na mbuzi yuko wapi?" namuuliza akirudi.

"Leo hawakuwa wazuri."

Wiki nyengine: "Wamekonda." Wiki nyengine: "Nimechelewa." Wewe unakunywa kahawa yako, unatazama ukuta. Takriban mwaka mzima hapana mbuzi aliyefika nyumbani kwetu, na baba anarudi ananukia udi.

Mwisho wake Bi Asila alikuja mwenyewe, na Hilal na mkewe, mimi nimo likizo ya chuo. Aliomba kukaa na mimi na Wafaa, milango imefungwa, wewe uko nje. "Mimi na baba yenu tumeshazungumza," akasema. "Nyinyi mkisema hapana, narudi Nizwa na hapana atakayekasirikiwa. Bibi yenu nimeshamwambia asitie neno." Wafaa alikubali papo hapo. Mimi nilimwambia anipe muda, na alinipa. Nilichukua miezi miwili, na hapana aliyeniuliza. Kisha nikampigia simu.

Nimeishi naye kwa adabu, Bibi. Nilimwita Mama Asila, na lile jina lake nililiacha pale makusudi, kama komeo mlangoni. Alijua, na hakulisukuma. Nilipoolewa nikahamia Sur, alinifunza kupika pweza kwa simu.

Sasa nije kwenye siku zako za mwisho, maana hilo hasa ndilo linalonikalisha hapa asubuhi yote. Nilikuja Ibra kukuuguza. Ulikuwa umeanza kuchanganya, mara uko Unguja, mara unamtafuta babu. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chako na kikombe cha uji. Mama Asila alikuwa anakubadilisha shuka. Ukamshika mkono ukaita, wazi kabisa: "Moza."

Nikaona mgongo wake unavyotulia.

"Labeka, mama," akaitika.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Na watoto?"

"Wote wamekula. Lala."

Ukalala. Nilisimama pale nikingojea hasira ije, nikaingojea sana. Kisha nikageuka na uji wangu.

Mpaka leo nakushuku, Bibi. Asubuhi ile ile uliniuliza kwa jina langu kama gari ya mume wangu imetengenezwa. Na kitanda chako kilikuwa kinaelekea mlangoni. Je, akili ilikuponyoka kweli, au uliniona nimesimama? Sina wa kumuuliza. Hilal naye nimemuuliza, anaapa kuwa hajui, lakini Hilal ni mtu wako.

Kama ulikuwa hujui unasema nini, Mwenyezi Mungu akurehemu. Na kama ulikuwa unajua, basi pia akurehemu, na nikwambie ambalo hukuliona. Adhuhuri ile nilimkuta Mama Asila jikoni, amenipa mgongo, anakoroga mchuzi. Nikamwita, "Mama," nikaishia hapo. Mwiko ulisimama. Hakugeuka. Alisema tu, taratibu, "Nipe chumvi, mwanangu," nami nikampa.

Lala kwa amani, na huko uliko usimpangie mtu safari.

Mjukuu wako anayekupenda na kukuchunga,
Rahma