Ndoo Iliyoachwa Upeponi

Melini, bandari ya Kilindini, Mombasa
14 Machi 1955

Mdogo wangu Kasiano,

Leo nimetimiza miaka thelathini na mmoja tangu nilipotoka Karema kwa miguu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa dada Veronika umepona. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una hasira.

Unajua kazi yangu katika meli hii ya wataalamu wa bahari. Kila saa nashusha ndoo ya turubai, nachota maji ya juu, natia kipimajoto na kuandika daftarini. Huko mbali na pwani kuna maji yanayozunguka kama uji unaokorogwa, duara moja pana kama mwendo wa Karema hadi Mpanda, nalo hubeba joto lake. Upepo ukipita juu yake hunyonya joto na mvuke. Wataalamu wanataka kujua hunyonya kiasi gani.

Mwezi uliopita tulipita katika duara la namna hiyo. Namba zangu zilipanda. Za yule kijana wa Kizungu anayepima upande wa pili wa meli hazikupanda. Mkuu wa wataalamu akachukua kalamu nyekundu akazifuta zangu, kurasa nne.

"Mzee, macho yamechoka," akaniambia.

Hamadi mpishi akapata la kusema siku tatu nzima: "Mzee Mateo, leo umechota bahari au supu yangu?"

Macho yangu ni mazima, Kasiano. Kwa macho hayo nilimwona kijana akiiweka ndoo upeponi, akawasha sigara, akaivuta mpaka mwisho, ndipo akasoma. Turubai bichi likipigwa na upepo hupoa, kama wewe unavyotetemeka ukitoka ziwani. Mimi husoma kivulini kabla dakika haijaisha, kama mkuu huyo huyo alivyonifundisha. Watu wametoka Ulaya kuchunguza jinsi upepo unavyoinyang'anya bahari joto, na upepo unawanyang'anya joto la ndoo mbele ya pua zao.

Nilipomweleza mkuu, aliniletea karatasi inayosema nilikosea, pamoja na wino wa dole gumba. Dole gumba kama asiyejua kuandika, mimi niliyemaliza vitabu vyote vya kabati la meli yake. Nikaomba kalamu, nikaandika chini: "Nimesoma. Sikubali."

Kesho yake akalainisha sauti, akaweka mezani tikiti ya reli mpaka Mpanda. "Umefanya kazi sana, mzee. Nenda ukapumzike kwa ndugu zako."

Reli hiyo imejengwa nikiwa huku. Tangu nisikie habari zake nimekuwa nikiwaza kushuka pale stesheni na kukukuta umesimama. Nililisoma jina la Mpanda mara mbili, kisha nikamrudishia tikiti yake. Nikiondoka sasa, kurasa zile zitabaki zimefutwa, na watakaokuja wataamini kwamba duara halikuwapo.

Nimekwenda kwa nahodha. Amekubali kwamba safari ijayo ndoo mbili zichotwe pamoja, moja ikae kivulini na moja upeponi, naye azisome mwenyewe. Nikishinda, namba zangu zitarudishwa daftarini nami nitaendelea kupima. Nikishindwa, watanishusha hapa hapa Kilindini, nami nitatafuta meli nyingine.

Unisalimie Veronika, shemeji yetu mchonga mitumbwi, na katekista aliyenifundisha kusoma, kama bado yu hai. Kile chumba mnachonifagilia kila Krismasi, mpe mwanao anayeoa. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Mateo