Kioo cha Kutazamia Jua

Tarehe 4 Juni

Mwanangu kitindamimba,

Salamu tele. Anayekuandikia ana miaka sabini na minane. Amewazika mafundi saa watatu wa mtaa huu, bwana afya aliyeniambia sigara zitaniua, na kiwanda kizima cha saa zilizosemwa haziharibiki. Mimi nipo, na kiti changu ni kile kile. Afya nzuri. Jicho la kushoto tu, yule mtoto wa jicho anazidi kunenepa, sasa naona ukungu mtupu. La kulia linatosha. Ndilo linalovaa lenzi ya kazi miaka hamsini, halijawahi kunidanganya hata skrubu moja.

Sasa kaa chini. Nimenunua darubini! Ya mtumba, kwa muuza vyuma chakavu. Mguu mmoja haukuwepo, nimeifunga mguu wa stuli, imesimama kuliko mwenye nayo. Jana saa moja jioni nikatazama mwezi nusu. Mwanangu, ni mashimo matupu, kama saruji iliyonyeshewa kabla haijakauka. Ila uko kichwa chini. Asubuhi nikarudi kwa yule bwana, "Wewe, umeniuzia mwezi uliopinduka." Akasema, "Mzee, si usimame wewe kichwa chini?" Mtoto hana adabu, lakini nilicheka.

Ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi, sawa na kifungo cha koti. Unakizungushia pale unapochungulia, halafu unatazama jua lenyewe, unaona madoa yake. Kina ufa pembeni, mwembamba kama unywele. Nimeuziba kwa gundi ninayobandikia vioo vya saa. Gundi yangu haijawahi kuachia.

Baba yako,
Fundi

Tarehe 13 Juni

Shikamoo baba,

Barua yako imenikuta mzima, nafua mashuka ya hoteli kama kawaida. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nilipofika kwenye kioo cheusi.

Baba, usitazame jua. Tafadhali. Chumba cha juu yangu anakaa mwalimu wa sayansi, nilimsomea barua yako. Alisimama hapo hapo. Anasema vile vioo vilishaachwa kutengenezwa, kwa sababu vinakaa mahali ambapo mwanga wote wa jua umekusanywa. Vinapata moto kama pasi na kupasuka jicho likiwa palepale. Kizima kinapasuka, sembuse chenye ufa. Na jicho haliumi, baba. Linaungua bila kukuambia. (Mwezi kupinduka ni sawa, darubini zote za nyota ziko hivyo.)

Nimempigia jirani yako mshonaji akuite, nikamsikia anakuita, nikakusikia unakataa. Nikamwomba aifiche darubini. Akasema, "Dada, nimwibie mzee? Atanitangaza mtaa mzima." Basi naandika, na barua ni siku kumi njiani. Kiponde kile kioo. Wewe una jicho moja tu.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na ningekuwa sijambo zaidi kama usingenitumia wajumbe. Mshonaji kaja na simu yake mbio mbio kama nyumba inaungua. Simu za watu mimi sizungumzi nazo. Nimejifunza kusoma nina miaka arobaini, nimekaa dawati moja na watoto, ili nisisomewe mambo yangu na jirani. Ukiwa na neno, andika.

Kaniambia eti unasema jua litaniunguza. Nimemuuliza, "Litaniunguzaje?" Hajui. "Kasema tu ni hatari." Basi.

Mwezi siku hizi unachomoza nimeshalala, na mimi siwezi kukesha kama popo. Nimebakiwa na jua, na jua nalo lina mawingu wiki nzima. Naisubiri barua yako, lakini mawingu yakiondoka kwanza, shauri yake.

Baba yako,
Fundi

Tarehe 25 Juni

Shikamoo baba,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Sasa utakuwa umeshapata yangu, bila shaka umenisonya na kukiweka kile kioo pembeni. Sema umekiweka.

Nimempigia mshonaji mara nne, simu yake haipatikani. Nimeomba ruhusa, msimamizi kasema Agosti. Mwalimu amenipa kioo cha kwake, kipana, kinavikwa mdomoni mwa darubini, kule mbele, kinazuia jua kabla halijaingia. Hicho ni salama. Nimekutumia kwa kifurushi cha haraka. Utayaona madoa, baba, wala sikukatazi. Ningoje tu.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 11 Julai

Mwanangu kitindamimba,

Usishangae mwandiko. Ninasema mimi, anaandika mshonaji, na nimemwambia asiongeze lake.

Barua yako ya kwanza ilifika Jumanne. Mawingu yaliondoka Jumapili. Nilitoka uani saa sita mchana, nikatazama, na niliona, nisikilize, niliona madoa matatu, mawili yameshikana na moja limejitenga. Hakuna mtu mtaa huu aliyeona hayo. Halafu kile kioo kikalia tak, kidogo, kama kucha inakatwa. Hapakuuma. Hapo ulisema kweli.

Sasa katikati ya kila kitu pana duara jeusi. Nikimtazama mtu naona masikio na mabega, uso haupo. Nikiangalia saa naona ukingo, mishale haipo. Nilingoja wiki liondoke, nikawaambia wateja nina mafua. Juzi mama mmoja kachukua saa yake ya ukutani haijatengenezwa, kaniambia pole kwa sauti ile wanayowaambia wagonjwa. Daktari wa kliniki kasema jicho la kulia basi. La kushoto watalisafisha, foleni mpaka mwakani. Nimekubali. Usinicheke.

Usiache kazi kwa ajili yangu. Njoo Agosti kama ulivyopewa. Ukifika sema jina la utani nililokupa, nisikupokee kama mteja.

Kifurushi kimefika. Nimemwambia mshonaji akivike hicho kioo mdomoni mwa darubini kama ulivyoeleza, atazame yeye. Katazama muda mrefu. Nikamuuliza, "Mangapi?" Akarekebisha mguu wa stuli. Nikasema, "Wewe, mangapi?" Akasema matatu, mzee, mawili yameshikana. Basi ndiyo yale yale niliyomsimulia. Atakayesema baba yako alipoteza jicho bure, shahidi wangu ni yeye huyu anayeandika.

Baba yako,
Fundi