Wewe Daktari, Mimi Mgonjwa

Chumba cha juu, nyuma ya shule ya lugha
Jumapili, baada ya mvua

Mama Mdogo mpendwa,

Kabla hata ya salamu naomba niutue mzigo huu, maana nikianza na salamu nitaishia kukueleza habari za baridi na viatu. Alhamisi nilimwambia daktari kwamba mimi ni mtoto wa mwanamke ambaye si mama yangu. Habari hii sijamsimulia mtu yeyote ila wewe.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Bado unaingia zamu za usiku wodini, au wamekuonea huruma? Mimi mwili ni mzima. Kichwa tu ndicho kimevurugika.

Darasa letu lina watu wa kila upande wa dunia, na hatuna lugha ya kuelewana isipokuwa hiki Kiingereza chetu cha kuungaunga. Mwalimu tunamwita Vizuri-Sana, kwa sababu hata ukikosea anasema vizuri sana. Kila asubuhi anatuweka wawili wawili, viti vinatazamana, tunaigiza: leo muuzaji na mteja, kesho abiria na mkata tiketi. Katika maigizo hayo nimeshaolewa, nimeshaibiwa mizigo na nimeshafukuzwa kazi. Unanijua nilivyo, nyumbani mgeni akiniuliza jina nilikuwa natazama sakafu. Hapa naongea, kwa kuwa maneno si yangu, ni ya kitabu.

Mwenzangu wa kuigiza ni mama mmoja mtu mzima ambaye kwao alikuwa fundi cherehani. Tunamwita Mama Sindano. Mwanawe anafanya kazi nchi nyingine, na ndiye aliyemtuma hapa asome Kiingereza ili baadaye wakaishi pamoja huko aliko. Ana utani huyo! Siku alipoigiza kuwa bosi wangu aliniambia, "Wewe mfupi. Kazi hapana. Nenda ukue kwanza." Darasa zima liliangua kicheko.

Basi siku moja ikawa zamu ya daktari na mgonjwa, nami nikawa daktari. Nikamwuliza kama kitabu kinavyotaka, "Unasumbuliwa na nini?" Wenzetu wote walikuwa wanaumwa meno na matumbo. Yeye akasema, "Nina uvimbe kwenye titi. Hauumi. Unakua."

Nikatafuta swali linalofuata ukurasani. "Umemwambia nani?"

"Wewe, daktari."

Vizuri-Sana alikuwa anapita nyuma yetu. Akasema vizuri sana, badilishaneni. Nikawa mgonjwa, nikasema nina mafua.

Hapo ndipo nilipopotea. Ilikuwa kweli au zoezi? Wakati wa mapumziko nilimwona anakunywa chai, anamtania dereva wa malori tunayesoma naye, kama hakuna jambo. Nami nimwendee mtu mzima ukumbini, nimwulize jambo kama lile kwa mdomo wangu mwenyewe? Ulimi uligoma. Nikangoja mpaka zoezi la sokoni. Yeye muuzaji, mimi mteja. Nikauliza bei ya nyanya, kisha nikasema bila kumtazama, "Na ule uvimbe, umeenda kuuonyesha?"

Akapima nyanya zisizokuwepo. "Bado. Naogopa. Unataka na vitunguu?"

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, Mama Mdogo. Kwenye zoezi la stesheni nilimwuliza kama mwanawe anajua. Akasema hapana; akijua atamwondoa hapa siku hiyohiyo, naye anataka kwanza kujua kama ni kitu au si kitu. Kwenye zoezi la hoteli, nikiwa mpokea wageni, nilimwambia hoteli imejaa lakini hospitali kuna nafasi. Alicheka mpaka akafuta macho. Kengele ikilia, tunarudi kuwa watu wa habari za asubuhi tu. Kwa nini hatukuweza vinginevyo, sijui.

Jumatano masomo yalipokwisha tulikuwa tunavaa makoti, vitabu vimeshafungwa. Akanishika mkono wa koti. "Kesho. Hospitali. Twende?" Nikasema twende.

Karani wa mapokezi alisema anayeruhusiwa kuingia na mgonjwa ni ndugu tu. Nikasema mimi ni binti yake. Ndani daktari naye akauliza mimi ni nani, akitutazama mmoja baada ya mwingine, maana hatufanani hata kucha. Nikarudia. Mama Sindano akaongeza kwa uso mkavu, "Wa mwisho. Kupika mvivu."

Daktari alimpima, akaeleza kwamba Jumanne watautoa uvimbe, ndipo watakapojua kama ni mbaya. Alisema haraka, nami nikamrudishia Mama Sindano polepole kwa maneno yetu ya darasani. "Na kama ni mbaya?" akaniuliza mimi, si daktari. Nikasema sijui. Kisha daktari akataka kujua nani atakuwa kando yake akizinduka kutoka usingizi wa dawa. Mama Sindano akainamia mkoba wake, anafungua zipu, anafunga.

Likanitoka kwa Kiswahili: "Mama yangu, mimi nitakuwepo." Kiswahili hajui hata chembe. Lakini aliitikia.

Utasema mama ni neno la heshima, kila mtu mzima tunamwita. Najua. Lakini mimi nilisema mama yangu, na sikuwa naigiza. Au nilikuwa naigiza? Na je, nafanya vizuri kumsaidia kumficha mwanawe jambo hili? Wewe umekaa na wagonjwa miaka yote. Mtu akizinduka hutaka kusikia nini kwanza? Nimshike mkono, au nimwache? Hapa sina wa kumwuliza.

Nisalimie Bibi, na Mjomba fundi redio, na mapacha wako. Waambie nawakumbuka hata kelele zao. Mungu akupunguzie maumivu, akupe usingizi wako wote.

Na hili liishie kwako, lisimfikie yeyote, hasa mama. Hatanigombeza. Ataniuliza tu kwenye simu, kwa upole, yule mwanamke ni nani kwangu, nami jibu sijalipata. Nikilipata nitamwambia mwenyewe. Mpaka hapo, Mama Mdogo, hata akikubana, wewe hujui kitu.

Mwanao akupendaye kuliko anavyoweza kusema,
Kimya