Siku Tatu za Mtoni

Grand Prairie, Texas
6 Aprili 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na miguu imeacha kuvimba baada ya ndege zile tatu. Unalala kidogo? Unakula? Nisalimie Mjomba Leonce na wote mlio nao hapo Bukoba. Sisi hatujambo. Vicent ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga miluzi hata darasani. Barua hii nampa Mama mdogo Ndeshi wa Cedar Hill, anayesafiri Jumanne kuja huko, maana kwa simu nitashindwa. Unanijua, hata soda dukani namtuma Vicent akaniagizie.

Baba ni mzima wa mwili. Akitoka kazini kule ghalani anakaa ndani ya gari hapo nje, gari limezimwa, ameshika usukani. Juzi nilimfuata nikamwuliza kama umepiga. Akasema umeongea na Vicent, na kwamba yeye utaongea naye utakaporudi, baada ya arobaini ya Bibi. Alivyosema ni kama mtu asiye na hakika. Nikarudi ndani nikatafuta karatasi.

Mama, naomba nianzie kwenye ile safari yetu ya likizo ya Machi. Ulikuwa umeshai-cancel mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya shifti, mara ya pili kwa sababu ya msiba wa rafiki yako kule Alief. Safari hii ulitoka hospitali Ijumaa asubuhi ukaingia garini na nguo zako za kazi, na kabla hatujaipita Fort Worth ukawa umelala. Mimi nilikaa nyuma na simu yako, namsomea Baba ramani.

Sijawahi kukuona vile ulivyokuwa mtoni. Baba alisimamisha hema mara tatu likamwangukia mara tatu, ukamwambia ni aibu, mtoto wa Kamachumu aliyezaliwa kwenye nyumba ya msonge kushindwa na kitambaa. Vicent alicheka mpaka akakaa chini. Uliingia majini na khanga, maji ya baridi, meupe mpaka mawe ya chini yanaonekana, ukasema Kagera huficha tumbo lake lakini mto huu unaonyesha mifupa. Ulinisuka nywele nikiwa nimekaa juu ya jiwe, polepole, bila kuangalia saa.

Jumamosi ukataka kumpigia Bibi umweleze habari za huo mto. Tulipanda kilima wote wanne, ukainua simu juu, hakuna mtandao. Ukasema turudi mpaka mjini, ni saa moja tu kwa gari. Baba alikuwa amechoka. Akakwambia, "Utampigia Jumatatu. Mama haendi popote."

Mimi nilisimama pale nyuma yenu nimeshika chupa ya maji.

Jumatatu mtandao uliporudi, ukasoma yote simuni kwenye kituo cha mafuta pale mjini Junction, umesimama kati ya pampu na ndoo ya kuoshea vioo. Kwetu mtu haambiwi msiba na simu. Watu huja kwanza, hukaa, ndipo mmoja husema. Wewe hukuwa na watu, ulikuwa na sisi watatu tu, na Bibi alikuwa ameshazikwa siku hiyohiyo. Ulimgeukia Baba ukamwambia, "Uliniambia haendi popote." Sijakusikia ukimwambia jambo lingine tangu siku hiyo.

Mjomba anasema alikutumia ujumbe. Wewe unaamini haukufika, kwa sababu ya bonde lile alilolichagua Baba. Mama, ulifika. Uliingia Ijumaa, wewe umelala, bado kama saa moja tufike Junction, na mtandao ulikuwepo. Aliandika: "Dada, Mama amezidiwa. Anataka kukusikia. Piga leo." Chini yake kulikuwa na sauti ya Bibi, sekunde kumi na tisa. Niliuhamishia kwenye simu yangu, halafu nikaufuta kwenye yako. Kisha nikamwambia Baba akunje kushoto.

Ningeweza kukuambia kwamba hata Februari Mjomba aliandika hivyohivyo, na kesho yake Bibi akaomba ndizi. Ni kweli, lakini si hiyo sababu. Nilijua ukisoma tutageuza gari. Nyumbani wewe ni wa hospitali, wa simu, wa misiba ya watu. Nilitaka siku tatu uwe wangu. Nilizipata, Mama, na zilikuwa za Bibi.

Baba hajui. Jioni hii nikimaliza kuandika nitakwenda kumwambia humo garini. Nakuomba, hata kabla hujanisamehe mimi, mpigie yeye.

Sauti ile sijaifuta. Ninaisikiliza nikitoka shule. Kiingereza mlinipa na Kiswahili mlinipa, lakini Bibi anasema Kihaya, na hata kama Baba anakijua, wa kuniambia ni wewe. Ninatambua jina lako tu. Analitaja mara mbili, kisha ananyamaza kidogo, kama anakungoja uitike.

Nisalimie kaburi. Vicent anakusalimu sana.

Ni mimi mwanao,
Clara